Majina ya Bafuni

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa na dawa: kupachika watu majina. Ukipita mbele yake mara ya kwanza anakutazama, mara ya pili anakutazama vizuri, ya tatu una jina, na jina lenyewe halibanduki. Alirithi kwa mama yake mzazi, aliyemwita kaka yake "Kesho" kwa sababu ya ahadi zake, na mwanamume wa watu akazeeka akiitwa Mjomba Kesho hata na wakwe zake.

Yeye mwenyewe jina la Fundi alipewa na mapazia. Tangu ujana wake alishona mapazia ya majumba ya watu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, akapima, akashona, akapanda ngazi akatundika, akarudi nyuma kidogo kutazama mikunjo ilivyoanguka, kisha akakusanya vitu vyake akaenda zake. Wenye nyumba wakabaki na dirisha. Hilo lilimchoma, ingawa hakulisema: hakuwahi kukaa hata jioni moja akaona jua linavyopita kwenye pazia alilolishona kwa mikono yake.

Uzeeni akaolewa mara ya pili. Mume alikuwa daktari wa meno aliyestaafu, naye amefiwa na mkewe; mwenyewe mtu wa vicheko, tumbo mbele, maneno mengi. Wakawa wanaitana Fundi na Daktari, basi, na mpaka leo ukiwauliza majina waliyopewa na wazazi wao wanakwambia subiri kidogo wakumbuke. Daktari akauza nyumba yake ya nje ya jiji iliyokuwa na bustani ya kumchosha mgongo, akasema, "Fundi, umetundika mapazia ya watu vya kutosha. Twende na sisi tukakae dirishani." Wakapanga nyumba katika jengo la kale katikati ya jiji, kwenye ule mtaa ambao watu wakiingia hupunguza sauti wenyewe bila kuambiwa.

Mtaa wenyewe sasa! Barabara ni ya mawe yaliyochongwa, yamelainika kwa miaka na miaka ya visigino. Miti imepandwa pande zote mbili, na huko juu matawi yameshikana, mchana wa jua kali unatembea kivulini kutoka mwanzo hadi mwisho. Taa za barabarani ni zile zile za chuma za enzi hizo, balbu tu ndiyo mpya. Kila nyumba ina mwaka wake umechongwa juu ya mlango, na hata rangi ya mlango huibadilishi bila kibali cha watu wa majengo ya kale. Wako wanaolalamikia sheria hizo. Fundi alizipenda. Alisema mahali ambapo mtu hawezi kuamka asubuhi akabomoa ukuta kwa kiburi chake, hapo pana heshima.

Jengo lao lilikuwa hoteli zamani, hoteli ya wasafiri wakubwa, kisha likafa, likakaa na popo, kisha likafufuliwa na kugawanywa nyumba tano za kifahari, moja kila ghorofa. Waliolifufua, jamani, walijua kazi. Lifti waliiacha ile ile ya kimia cha chuma, yenye mlango wa kukunja kama kodiani, ila mashine wameweka mpya. Kaunta ya mapokezi waliiacha chini ukumbini, mbao nyekundu inayong'aa. Ngazi ni za marumaru, katikati zimeliwa na nyayo kidogo kidogo, na kando yake inapanda reli ya shaba toka chini mpaka juu, inawaka ile shaba mpaka unaona uso wako umerefuka ndani yake. Asubuhi Fundi akishuka kwa miguu alimkuta mzee mmoja na kitambaa, anaisugua. "Shikamoo mzee, kazi njema," alisema Fundi. "Marahaba," alijibu mzee. Fundi akapita. Jioni akamsifia kwa mumewe: kampuni ya usafi imepata mtu safari hii, yule mzee wa shaba apewe medali.

Lakini madirisha ndiyo yaliyomaliza maneno. Urefu wa watu wawili, mmoja amesimama mabegani mwa mwenzake, vioo vya zamani vyenye mawimbi kidogo, ukitazama nje miti inatikisika hata kama hakuna upepo. Siku ya kwanza Fundi alisimama mbele ya dirisha la sebuleni, akaweka kiganja kwenye kioo, akalia. Daktari akadhani mkewe anaumwa. "Siumwi," alisema Fundi, "nimefurahi, niache." Ila pazia hakushona. Alisema dirisha la kupanga halivishwi; siku nyumba ikiwa yao ndiyo atatoa futi yake. Wakakaa hivyo mwaka mzima, madirisha uchi, watu wazima wanavalia nguo nyuma ya mlango wa kabati.

Kitu cha pili kwa uzuri ndani ya nyumba ile kilikuwa bafu. Hodhi la kuogea la chuma kizito, lina miguu ya simba, Daktari akijilaza humo na tumbo lake bado panabaki nafasi. Ukutani, juu kidogo ya hodhi, palikuwa na tundu la hewa limefunikwa kwa wavu wa shaba uliofuliwa kwa umbo la ua. Walipohamia, tundu lilikuwa limesokomezwa tambara kuukuu. Fundi alipoliona alisikitika kabisa. Kitu kizuri namna hii, watu wameziba kwa tambara! Akalichomoa, akalitupa, akausugua ule wavu kwa ndimu na majivu mpaka ukatoa macho. Tangu hapo bafu likapata hewa nzuri.

Na bafuni ndiko walikofanya maongezi yao. Kila jioni Daktari anaingia kwenye maji ya moto, Fundi anakaa kwenye kigoda na sindano yake, anapiga pindo la hiki na kile, na habari za jengo zinapita zote hapo, moja baada ya nyingine. Maana milango ya watu wale ilikuwa na namba tu, na wenyewe wakikutana nawe wanatikisa kichwa kwa adabu na kwenda zao. Sasa mtu asiye na jina Fundi atamwacha hivyo? Thubutu!

Wa ghorofa ya kwanza alikuwa mama mmoja, hakimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya wakazi. Akifunga mlango unasikia funguo tatu, na akifunga mdomo ni vivyo hivyo. Fundi akamwita Kufuli. Wa pili alikuwa mchoraji wa ramani za majengo, bwana mwenye miwani ya duara ambaye kila ukimsikia kwenye simu anasema, "Nakuja, dakika mbili," na bado amevaa kandambili. Huyo akawa Dakika Mbili. Wa tatu alikuwa mwanasheria kijana, mrembo, anajipulizia manukato kwa ndoo. Akishatoka kwenye lifti na kwenda zake kazini, wewe ukiingia nusu saa baadaye unamwomba radhi kwa kumkanyaga. Akaitwa Bado Yupo. Kwa hilo Daktari alicheka mpaka maji yakamwagika sakafuni, akarudia kwa sauti ya kuhubiri, "Bado Yupo! Bado Yupo!" Wao wenyewe walikaa ya nne. "Na juu yetu hapana mtu," Fundi alipenda kumalizia, akikata uzi kwa meno. "Hakuna kiti kinachoburuzwa, hakuna kisigino. Hapana mtu kabisa. Raha gani hii, Daktari?"

Basi mwenye nyumba, aliyekuwa akiishi nje ya nchi, akapiga simu. Anauza. Anawapa wao nafasi ya kwanza, kwa sababu wamemtunzia mali. Pesa ya nyumba ya Daktari ilikuwepo benki, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kanuni ya jengo: mnunuzi mpya lazima aridhiwe na wakazi wote, kikaoni, kwa mikono iliyoinuliwa. Akipinga mmoja, imekwisha, mnafungasha. Fundi aliposikia hivyo hakuogopa. Wamekaa mwaka mzima kwa adabu, hawajamkosea mtu, mbwa hawana, watoto hawana. Kikao kikapangwa Jumapili saa kumi.

Jumamosi mchana Fundi alitoka kununua mkate. Aliporudi ukumbini, Dakika Mbili alikuwa ameegemea kaunta, anaongea na mlinzi wa jengo, ameupa mlango mgongo.

"Bado Yupo akirudi mkumbushe, kesho ni saa kumi kamili."

"Nitamwambia," alisema mlinzi. "Na wewe usichelewe, Dakika Mbili."

Mlinzi akainua macho akamwona Fundi. Akaziba mdomo kwa mkono. Dakika Mbili akageuka. Wakatazamana wote watatu, kisha yule bwana akavua miwani yake akaanza kuifuta, na Fundi akaingia kwenye lifti na mkate wake.

Yale majina yalikuwa ya watu wawili tu duniani. Yeye na Daktari. Hakuwahi kuyataja sokoni, wala kwenye simu, wala kwa dada yake. Alifungua mlango akaita, "Daktari, umemwambia mtu?" Daktari akaapa kwa meno yote aliyowahi kung'oa. Fundi akasimama katikati ya nyumba akijiuliza, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tangu wahamie akawa kimya, kimya cha kweli. Wakawa wote wawili kimya. Na kutoka bafuni ikaja sauti ya mwanamke, safi, kama amekaa pale kwenye kigoda.

Fundi akanyata. Sauti ilitoka kwenye ua la shaba. Alikuwa mwanasheria wa chini yao, anaongea kwa simu.

"Kila jioni, shoga, kila neno. Lile tundu linapita kwetu wote, toka chini mpaka juu. Mimi eti Bado Yupo! Kwa ajili ya manukato!... Kuziba? Wapi, tulikatazwa kuligusa, ni la kale... Subiri kesho. Mama hakimu amesema lazima jambo hili lizungumzwe kikaoni, mbele yao."

Fundi akakaa chini, kwenye vigae, na koti lake. Tambara! Lile tambara kuukuu alilolitupa kwa mikono yake miwili, akasugua na tundu lenyewe kwa ndimu, ili majirani wasikie vizuri. Aibu ilimvaa kuanzia miguuni.

"Mwaka mzima, Daktari. Mwaka mzima tumewasimanga watu masikioni mwao."

"Hatukuwasimanga. Tuliwatania."

"Unamtania mtu anayekujua. Hawa hata salamu zao ni za kuhesabu!" Akajipiga mdomo kwa kiganja. "Mdomo huu. Mama alisema siku moja utanilaza nje."

Daktari naye alikuwa mtu wa mbinu. Alipendekeza wakane. Waseme ilikuwa redio, mchezo wa redio, na wao walikuwa wanausikiliza. Fundi akatikisa kichwa. Alipendekeza wapeleke keki. Fundi akasema keki ya kumpelekea hakimu siku moja kabla ya hukumu ina jina lake, nalo ni rushwa. Mwisho Daktari akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini kabisa, maana sasa walinong'ona hata jikoni, "Tukikosa, tutapata nyumba nyingine, mke wangu." Fundi akatazama madirisha yake, jua la jioni limelala juu ya sakafu ya mbao mpaka ukutani, hakuna pazia la kulizuia wala kulipamba. Akasema, "Sitaki nyingine." Alisema wazi hivyo, akalia tena mbele ya dirisha lile lile, safari hii si kwa furaha. Jioni hiyo Daktari alioga bila kufungua kinywa, na jengo zima likajua kwamba wamejua.

Jumapili saa kumi walishuka kwa ngazi. Fundi alishikilia reli ya shaba kila hatua, anaiaga moyoni. Ukumbini viti vilikuwa vimepangwa mbele ya kaunta. Kufuli alikaa nyuma ya kaunta yenyewe, mgongo umenyooka, na huwezi kusema hakupendeza hapo. Bado Yupo alikaa pembeni, na leo hakunukia chochote, jambo lililomtisha Fundi kuliko yote. Dakika Mbili alikuwa amefika kabla ya kila mtu. Na nyuma kabisa, karibu na ngazi, alikaa yule mzee wa shaba, na sweta lake la vifungo. Fundi akadhani amekaribishwa kwa heshima ya kazi yake. Akamwamkia, akaenda kukaa.

"Kabla ya kura," alisema Kufuli, "kuna jambo la majina."

Fundi akasimama. Alikuwa amepanga maneno, yote yakamkimbia, akabaki na ukweli. "Mheshimiwa, ni mimi. Mume wangu alicheka tu. Majina nimetoa mimi, na tambara nimetoa mimi. Sikujua kama mnasikia. Si kwamba ningejua ningewapenda zaidi, maana nawapenda hivyo hivyo. Mimi mtu nisiyempa jina ni yule nisiyemjali. Lakini nimewakosea, na ninaomba radhi. Mkisema tuondoke, tutaondoka, na nitawasifia huko tutakokwenda."

Kufuli akakunja mikono juu ya kaunta. "Nilikaa mahakamani tangu ujana wangu," alisema. "Mbele yangu waliniita mheshimiwa. Mgongoni nilijua wananiita kitu, ila nani angethubutu kuniambia? Nimestaafu bila kujua." Akakohoa. "Kufuli. Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikajikuta nafunga mlango, nahesabu funguo, nacheka peke yangu. Nilikuwa nimesahau nilivyo nikicheka."

"Mimi nimepunguza manukato," alisema mwanasheria. "Halafu wote mkaanza kuniuliza kama nimesafiri."

"Mke wangu siku hizi ananingoja na saa mkononi," alisema Dakika Mbili kwa huzuni. "Ila nimewahi leo. Naomba iandikwe."

Daktari akaangua kicheko, akakimeza, kikamtoka tena puani. Na Kufuli, huwezi kuamini, akafungua mdomo akacheka na meno yote nje. Daktari baadaye alisema yalikuwa meno mazuri sana, dhambi kuyafungia. Kufuli akajifuta macho akagonga kaunta.

"Wanaoridhia wainue mikono."

Ukainuka wake, ukainuka wa mwanasheria, na wa Dakika Mbili ulikuwa umewatangulia wote. Fundi akaanza kupumua.

"Mimi napinga," sauti ikasema nyuma.

Watu wakageuka. Alikuwa yule mzee. Fundi akamtazama Kufuli, akitegemea atamwambia mzee wa watu kwamba kura ni za wakazi. Kufuli akasema, "Ghorofa ya tano inapinga. Sababu, tafadhali?"

Ghorofa ya tano! Juu yao!

Mzee akasimama pole pole. "Mke wangu alipofariki nilikuwa sisikii sauti ya mtu humu. Kisha hawa wakahamia. Mwanzo nilisema, kelele hizi! Halafu nikachukua kiti changu cha sebuleni nikakipeleka bafuni. Kila jioni nakaa pale. Nimesikia Kufuli akipewa jina, nimecheka. Nimesikia Dakika Mbili, nimecheka. Lile la Bado Yupo nililalia nikiwa nacheka. Nikasema, zamu yangu inakuja. Nikangoja." Akatazama mikono yake. "Kila jioni mama huyu anamaliza hivi: juu yetu hapana mtu. Hapana mtu kabisa, raha gani hii. Mimi natembea kwa soksi nisiwasumbue, na yeye anashukuru kwamba sipo. Hapana Mtu ndiye mimi. Sasa nitaridhiaje watu ambao kwao mimi sipo?"

Hakuna aliyecheka. Fundi alitamani marumaru ipasuke. Yeye, aliyeingia majumba ya watu maisha yake yote kwa mlango wa nyuma, watu wakiongea juu ya kichwa chake wakati ana pini mdomoni, ndiye aliyempita mzee huyu kila asubuhi akimwambia kazi njema.

"Mzee wangu," alisema Fundi. "Nilikuona. Kila siku. Ila niliona kitambaa, nikadhani umeajiriwa. Kwangu wewe ulikuwa mzee wa shaba."

"Hiyo ni kazi, si jina. Na mshahara sijauona."

"Basi nitakupa. Nipe nafasi." Akafikiri, akataka liwe zuri, liwe na heshima ya umri wake. "Nuru ya Ngazi."

Mzee akakunja uso. "Hilo ni la kuandikwa kaburini, mwanangu. Mimi bado nipo."

"Samahani mzee," alisema mwanasheria taratibu, "hilo limeshachukuliwa."

Kicheko kikapita ukumbini, kidogo, cha woga. Mzee mwenyewe mdomo ukamtetemeka pembeni. "Nipe kama ulivyowapa wenzangu," alisema. "Usinionee huruma. Nitazame."

Fundi akamtazama. Akamtazama kwa yale macho yake ya mara ya tatu. Aliona leso yenye weusi wa shaba ikichungulia mfukoni, aliona soksi nene, akaona sweta. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa kwa uangalifu mkubwa, na vyote vimekosea: cha kwanza kiliingia tundu la pili, cha pili la tatu, mpaka juu, upande mmoja wa sweta umefika kidevuni na mwingine unaning'inia kiunoni. Mkono wake wa kushona ukawasha. Na jina likaja lenyewe, hata hakuliita.

"Ghorofa Moja Juu," alisema.

Watu wakamtazama mzee, wakatazama vifungo, wakafuata kimoja kimoja kikipanda. Wa kwanza kupasuka alikuwa Kufuli. Kisha Daktari, kisha wote, hata mlinzi kule mlangoni alipiga goti kwa kiganja. Mzee akainamisha kichwa akajikagua kifua kizima, tundu kwa tundu, mpaka kidevuni. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika reli ya ngazi asianguke.

"Na ninakaa moja juu yenu!" alisema. "Limeingia mara mbili! Alikuwa akinifungia yeye, mke wangu, asubuhi, huku ananigombeza. Tangu aondoke sijawahi kuambiwa kwamba nimekosea. Watu wananiona hivi hivi na kunyamaza."

Fundi hakuvumilia tena. Alivuka ukumbi, mikono imekwisha kunyooka kwenda kwenye kifungo cha kwanza, maana kitu kilichokaa kombo kilimuuma kuliko jino bovu. Mzee akafunika sweta lake kwa mikono yote miwili.

"Acha," alisema. "Ukivifunga sawasawa nitabaki bila jina."

Kisha akaondoa mkono mmoja kifuani, akauinua.

Kesho yake asubuhi na mapema Fundi alitoa futi yake kwenye kasha, akapanda ngazi ndogo, akapima dirisha la sebuleni toka juu mpaka chini, pini mdomoni. Daktari alishika ngazi na kumwuliza kama hataki kupumzika kidogo. Hakujibu, alikuwa na pini. Jioni alikata kitambaa sakafuni, cha rangi ya majani makavu, na jua likaja kukilalia kabla hata hakijashonwa. Alikitazama jua likiwa juu yake mpaka lilipoondoka, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Daktari akaingia kwenye maji ya moto. Fundi akavuta kigoda na sindano. Walikaa wakitazamana, hawajui waanzie wapi, sasa kwa kuwa nyumba nzima imetega masikio. Ndipo ua la shaba likakohoa.

"Fundi!" sauti ikaita kutoka juu. "Leo ni mbili juu!"

Daktari alizama mzima kwa kicheko, na chini yao mwanasheria akacheka, na chini yake tena, mpaka kule mwisho kabisa. Fundi aliweka sindano pajani, akafuta macho kwa upindo wa pazia jipya, akausogelea wavu.

"Shuka tunywe chai, Ghorofa Moja Juu," alisema. "Na usivifungue."